Sura ya Tisa: Jiwe la Kwa Kisyeri

Jiwe lilikuwa juu ya meza ya Inspekta Tamimu Maftah, limefungwa kamba ya katani yenye kipande cha karatasi ngumu. Kwenye karatasi hiyo koplo wa zamu alikuwa ameandika kwa mwandiko wa madaha: "Jiwe la chokaa, jeupe. Silaha." Basi, hayo tu. Kwa maneno hayo mtu mzima mwenye mke na mtoto alikuwa anapelekwa kwenye kesi ya kunyongwa, na katika kituo kizima cha Mugumu hakuna aliyeona ajabu.

Kesho asubuhi gari la mahabusu lingeondoka kwenda Musoma na Waitara Kisyeri ndani yake. Likishavuka mto, jalada lingekuwa la watu wengine, na watu wengine wangesoma kile kile kilichoandikwa hapa. Tamimu alilijua hilo, na lilimnyima raha.

Mambo yenyewe yalionekana manyoofu. Ndugu Method, mtaalamu wa miamba wa serikali, alikuwa akitafuta makaa ya mawe katika mahame ya Busawe, yaani pale walipokaa watu kabla ya kuhamishiwa kijijini wakati wa Operesheni. Siku ya Sabasaba alikutwa chini ya shimo lake la utafiti, kichwa kimepondwa, jiwe jeupe kando yake. Ukingoni alikuwa ameketi Waitara, mikono yake ina damu. Shimo lile lilikuwa jirani na kaburi la baba yake, mzee Kisyeri, aliyezikwa penye lango la zizi lake kama wazee wa kwao wanavyozikwa. Kaburi lilikuwa limefunikwa kwa mawe meupe ya chokaa. Jiwe moja halikuwepo.

Halafu kulikuwa na lile neno la mkutanoni. Mwezi mmoja kabla ya hapo, Waitara alisimama mbele ya kijiji kizima akasema: "Mlituhamisha tukahama. Sasa mnachimba alipolala baba yangu. Atakayeligusa kaburi lile tutazikwa siku moja." Watu wote walisikia, na wote walikuwa tayari kuapa. Koplo akajumlisha moja na moja, akafunga kamba.

Kilichomkera Tamimu ni kwamba mtu aliyesema vile mbele ya watu wote sasa alikuwa bubu. Hakukana wala hakukiri. Tamimu alizaliwa Tarime, mwana wa fundi cherehani aliyetoka Pangani, akakua na Wakurya, akagombana nao na kula nao. Aliwajua. Mkurya aliyempiga mtu atakwambia nimempiga, na akisingiziwa utamsikia kutoka barabarani. Huyu alikuwa anaficha kitu, na haikuwa rahisi kuelewa ni kitu gani kinachostahili kufichwa kwa bei ya kitanzi.

Saa tatu asubuhi akaingia Ndugu Selestine, naye mtaalamu wa miamba, aliyetumwa kutoka Dodoma kumalizia taarifa ya marehemu. Alikuwa kijana mrefu mwenye macho mekundu. Alisoma na Method darasa moja, akamsimamia Method ndoa yake, na juzi alikuwa Bukoba kumzika. Alipoliona jiwe alisimama mlangoni kwa muda, kisha akasogea.

"Ndilo hili?"

"Ndilo. Pole sana, ndugu yangu. Kaa."

Hakukaa. Aliinama akasoma ile karatasi. "Chokaa gani?"

"Chokaa," alisema Tamimu. "Kuna chokaa ngapi?"

"Pale mlipomkuta ziko mbili, afande, na mmeandika kama vile iko moja." Selestine aliongea polepole, mtu anayejishikilia asivunjike. "Ipo ya juu, inayoota kwenye udongo. Maji yanapanda wakati wa jua, yanakauka, yanaacha chokaa. Ndani utaona mchanga na vitundu vya mizizi. Ng'ombe huilamba. Mawe ya kaburini ni hayo. Halafu kuna tabaka la chini, limelala juu ya makaa ya mawe. Hilo zamani lilikuwa tope la majini, lina makombe ya kome ndani yake. Ndilo alilokuwa akilishughulikia Method. Alitakiwa alipange liko kundi gani, alipe na jina."

"Kwa macho yangu hili ni jeupe kama yale ya kaburini."

"Yote yanapauka yakikaa juani, na vumbi lake ni jeupe. Ndani hayafanani hata kidogo."

"Utajuaje?"

"Tulivunje."

Koplo wa zamu, aliyekuwa akisikiliza mlangoni kama kawaida yake, alikohoa. "Afande, kielelezo hakivunjwi. Tutaulizwa mahakamani."

"Tutaulizwa, ndiyo," alisema Tamimu. "Njoo hapa ushuhudie. Andika kwamba nimelivunja mimi, kwa mkono wangu, mbele yako na mbele ya mtaalamu. Upande ule wenye damu hatuugusi."

Selestine alitoa nyundo mkobani akampa. Tamimu akapiga pembeni. Kipande cha ukubwa wa kiganja kikaruka, na papo hapo ofisi ikajaa harufu mbaya, kama ya taa ya mafuta iliyozimwa sasa hivi. Ndani jiwe lilikuwa la kijivu, karibu na weusi, na katika ule weusi yalionekana makombe madogo yaliyopinda, mamia, yamelaliana.

Selestine aligeukia dirishani. "Alikuwa anatuletea hilo darasani anatushikisha puani," alisema. "Anacheka. Anasema hii ni pumzi ya ziwa lililokufa." Akafuta uso kwa mkono wa shati, bila kujificha. Koplo akatazama chini. Mtu akilia hivyo mchana kweupe, wengine hukosa pa kuweka macho.

"Kwa hiyo halikutoka kaburini," Tamimu alisema.

"Halikutoka kaburini. Ni la tabaka la shimoni."

"Lakini afande," alisema koplo, naye hakuwa mjinga, "mawe yaliyochimbwa shimoni yamerundikwa ukingoni. Mtu anaweza kuokota lolote pale akatupa."

"Umesema kweli," Tamimu akakubali. "Basi hatujamaliza. Kaleteni Landrova."

Kabla ya kuondoka alipitia mahabusu. Waitara alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, mtu mwenye mabega ya kulima na shingo iliyokonda upesi.

"Waitara, lile jiwe si la kaburini. Tumelipima."

Waitara aliinua kichwa. Tamimu alitegemea kuona nafuu usoni pake. Aliona woga, woga mtupu, kwa mara ya kwanza tangu aletwe.

"Mnakwenda wapi?" aliuliza.

"Shimoni. Halafu kijijini, kwa mkeo."

"Msiende kwangu."

"Kwa nini?"

"Mura, niache tu." Alisema mura, kama anaongea na rika lake, si na polisi. "Niandike unavyotaka. Nitatia dole gumba. Msiende kwangu."

Waitara akaegemeza kichwa ukutani na kufumba macho.

Barabara ya Busawe ilikuwa vumbi tupu mwezi ule wa Julai. Walipita mashamba yaliyokwisha vunwa, wakaiacha njia ya gari, wakafuata mapito ya zamani ya ng'ombe. Mahame yalijijulisha yenyewe: viwanja vya duara vilivyoota magugu, mafiga yamebaki matatu matatu, minyaa iliyokuwa ua sasa inajiotea ovyo. Zizi la mzee Kisyeri lilikuwa bado limesimama nusu. Nguzo za pembeni zilikuwepo. Penye lango palikuwa na mashimo matupu, na kando yake kaburi lenye mawe meupe na lile pengo lake.

Tamimu alitazama yale mashimo ya lango. "Nguzo za hapa zimekwenda wapi?"

"Tulizichukua sisi," alisema Selestine. "Yaani Method na vibarua. Nilipokuja mwezi wa Juni zilikuwa zimeshatiwa shimoni, kuzuia mwamba. Mbao hazikuletwa, tuliandika na kuandika hazikuja. Hizi zilikuwa hapa, ngumu, na mji umeachwa. Hazikuwa za mtu."

"Mlimuuliza nani?"

Selestine alitangulia kwenye ngazi.

Walishuka shimoni kwa ngazi. Lilikuwa handaki lililochimbwa ubavuni mwa kilima, na ukutani miamba ilijipanga waziwazi: udongo, kisha chokaa yenye unene wa mkono mmoja, kisha mstari mweusi wa makaa usiozidi upana wa kiganja.

"Haya ndiyo makaa yenyewe?" Tamimu aliuliza.

"Ndiyo haya."

"Yanaweza kuchimbwa?"

"Hayafai hata kupikia chai ya kijiji. Method alikwishaliona hilo. Lakini tabaka la chokaa lilikuwa halijapangwa. Ilibaki kujua kama kome hawa ni wa ziwa au wa bahari, na wale wazima wako chini kabisa, pale chokaa inapogusana na makaa. Bila hilo taarifa haiishi."

Chini ya chokaa makaa laini yalikuwa yamechokolewa kwa ndani, likabaki bapa la mwamba linaning'inia kama ukingo wa paa. Katikati ya bapa hilo palikuwa na pengo jipya, jeusi, halijapauka. Tamimu alilichukua jiwe kutoka kwenye gunia, akalisogeza pengoni akiligeuza huku na huku. Likaingia. Makombe ya ukutani na ya kwenye jiwe yakakutana mstari kwa mstari.

Koplo alitoa pumzi ndefu. "Halikutupwa," alisema. "Lilianguka."

"Na tazama hapa." Tamimu aligusa chini ya pengo. Palikuwa na alama mbichi za nyundo, nyingi, za mtu aliyepiga akiwa amepiga magoti. "Alikuwa anagonga chini yake mwenyewe. Ndugu Selestine, huyu alikuwa mtu wa kuingia chini ya mwamba ulio wazi?"

"Hapana. Yeye ndiye aliyetufundisha wengine tusiingie." Selestine alitazama sakafu. Kwenye unga mweusi wa makaa palikuwa na alama za duara, pale nguzo ziliposimama. Nguzo zenyewe hazikuwepo. "Vibarua watakuwa wameziondoa. Walifunga kazi mkesha wa Sabasaba, lori likawachukua na mizigo yote. Yeye akabaki amalizie. Alipoteremka akaona hazipo, akajiambia ni kidogo tu, nagonga mara mbili natoka." Akagusa alama moja ya duara kwa kidole. "Namsikia kabisa akijiambia hivyo."

Tamimu alikuwa anawaza vibarua wanaokimbilia sikukuu. Kibarua anayekwenda kwenye sikukuu habebi gogo ambalo watu wawili hulinyanyua kwa shida. Analiacha lilipo. Akamkumbuka Waitara akisema msiende kwangu, na moyo wake ukashuka. Hata hivyo alipanda ngazi, maana pengo la kaburini lilikuwa bado halijapata jibu, na jalada lenye pengo haliwezi kumtoa mtu ndani.

Kijiji kipya kilikuwa kimepangwa kwa mistari, nyumba zikitazamana kama wanafunzi kwenye gwaride. Nyumba ya Waitara ilikuwa ya mwisho, udongo wake bado una rangi mbili, mkavu na mbichi. Mkewe, Ghati, alitoka na mtoto mgongoni. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye nguvu, na sura ya mtu asiyelala.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, binti yangu. Hamjambo?"

"Hatujambo. Karibuni. Sina cha kuwapa ila maziwa."

Alitoa vigoda. Tamimu hakuwahi kukaa, maana chini ya kizingiti, upande wa kulia, aliliona jiwe jeupe limekandikwa vizuri kwenye udongo. Alichutama akalikuna kwa ukucha. Mchanga, na vitundu vya mizizi.

"Hili mmelitoa wapi?"

"Ni la tata, baba mkwe," alisema Ghati. "Tulipohamishwa kaburi halihamishiki. Mume wangu akachukua jiwe moja ili mzee asikae peke yake kule na sisi huku. Ni vibaya?"

"Si vibaya," alisema Tamimu. "Ni vizuri sana. Koplo, liandike."

Ndipo alipoinua macho akaziona nguzo. Zilisimama mbili mlangoni, moja kila upande, na nyingine ndani, zimebeba paa lote. Zilikuwa za mti mgumu, zimelainishwa na mbavu za ng'ombe wa miaka na miaka, na juu zilikuwa na mifereji iliyoliwa na kamba ya lango. Kuanzia usawa wa goti kwenda chini zilikuwa nyeusi. Tamimu alipitisha kidole, kikatoka na unga wa makaa. Akakifuta kwenye suruali yake haraka, kabla mtu hajaona.

"Dada," Selestine alikuwa akimwambia Ghati, amefurahi kuwa na habari njema ya kumpa mtu, "mumeo atatoka. Jiwe halikutupwa na mtu. Tumethibitisha."

Ghati alikaa chini pale pale, kwenye vumbi. Alifunika uso kwa upande wa kanga akalia, na kwenye kilio chake akacheka, na mtoto mgongoni akaanza kulia pia. Kisha akajifuta, akasimama, akataka kukamata kuku. Koplo akamzuia, naye akakataa kuzuiwa.

"Dada, nisaidie jambo moja," Selestine alisema. "Pale shimoni, kwenye ramani hapana jina. Panaitwaje?"

"Pale ni Kwa Kisyeri. Hata mtuhamishe mara ngapi, pale ni Kwa Kisyeri."

"Basi lile tabaka litaitwa hivyo. Chokaa ya Kwa Kisyeri. Nilitaka kulipa jina la rafiki yangu, lakini kanuni inakataa. Tabaka huitwa kwa jina la mahali linapoonekana vizuri, siyo la aliyelipata."

"Jina la tata litaandikwa kwa serikali?" Ghati aliuliza. Uso wake ulikuwa umefunguka wote.

"Litaandikwa. Litakaa humo kuliko sisi sote."

"Mume wangu atafurahi." Alisimama mlangoni, kuku ameshikwa chini ya kwapa, mkono mwingine ameuweka kwenye nguzo, pale kwenye mfereji wa kamba, kama mtu aliyezoea kupashika kila siku. "Sasa yule ndugu yenu, maskini, aliuawa na nini?"

"Ndugu Selestine," alisema Tamimu, "twende garini."

Lakini Selestine alikwisha kujibu, kwa upole, kama anavyojibiwa mtu wa nyumbani. "Mwamba ulimwangukia, dada. Ulikuwa umezuiwa na nguzo, vibarua wakaziondoa."

Kuku alimponyoka, akakimbilia uani. Ghati hakumtazama. Aliutazama mkono wake mwenyewe juu ya nguzo, kisha akauondoa taratibu.

"Gari lilikuwa limeondoka," alisema. Hakuwa akimwambia mtu. "Niliona lori limepita na watu wote wanaimba. Nikasema wamemaliza, wamekwenda kwao. Katibu wa kijiji alisema nyumba zikaguliwe baada ya Sabasaba, isiyo na paa itavunjwa, na msitu haukatwi. Ni nguzo za zizi letu. Mimi ndiye niliyefunga lango lile tangu niolewe. Nilizikuta shimoni, nikazitoa na punda wa jirani, mchana, watu wananiona. Sikuiba, afande. Nilichukua zetu."

Selestine alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono juu ya kichwa.

"Sikujua kuna mtu atarudi mle," Ghati alisema.

"Hukujua," alisema Tamimu.

"Mume wangu anajua?"

Tamimu alitamani kusema uongo. Katika kazi yake yote alikuwa amewadanganya wezi na waongo ili wamwambie kweli, na sasa alipohitaji uongo mmoja wa kumfaa mtu hakuupata. "Alimkuta Method ameangukiwa, akalinyanyua jiwe kumwondolea," alisema. "Akaona nguzo hazipo. Na nyumbani alikuwa ameziacha zimesimama mlangoni. Ndiyo maana hasemi."

Ghati aliingia ndani akatoka na jembe. Akaanza kuchimba chini ya nguzo ya kulia, kwa nguvu, mtoto akirukaruka mgongoni. Koplo alimshika jembe kwa adabu. "Acha, shemeji. Nyumba itawaangukia." Aliliachia. Akasimama mikono imening'inia, akimtazama Selestine.

Njiani kurudi Selestine aliuliza mara moja tu. "Utaandika nini?"

"Nitaandika waliyofanya watu wote," alisema Tamimu. "Waliozing'oa nguzo zizini bila kuuliza. Aliyezirudisha nyumbani bila kuuliza. Na aliyeingia akiona hazipo. Hakimu akitaka kumtwisha mmoja lawama yote, ajitwishe yeye mwenyewe kwanza. Hiyo ni ajali, na itaitwa ajali."

Jua lilikuwa bado juu walipofika Mugumu. Tamimu alikwenda mahabusu na ufunguo yeye mwenyewe. Alifungua mlango akauacha wazi mpaka mwisho. Viatu vya Waitara, vile vya matairi, alikuwa amevibeba mkononi, akaviweka mbele yake.

"Toka, mura. Umeshinda. Tabaka lile limepewa jina la mji wa baba yako."

Waitara hakuvigusa. "Mlifika kwangu?"

"Tulifika."

"Amejua?"

"Amejua."

Waitara alishusha kichwa. Nje akina mama wa sokoni walikuwa wakifunga mizigo yao, wakiitana, na mlango wa mahabusu ulikuwa wazi na hakuna aliyeulinda.

"Mngeninyonga tu, afande," alisema. "Yeye angejua ni mimi niliyemwua, angenilia, ingekwisha. Sasa atalala chini ya nguzo zile kila siku."

Tamimu aliketi sakafuni kando yake, na koti lake mwilini, akaegemea ukuta ule ule. Walikaa hivyo mpaka koplo alipokuja kuuliza kama afunge.

"Usifunge," Tamimu alisema. "Atatoka akiwa tayari."